Miaka 10 ya kikundi ni lini hasa? Watu wanne, majibu manne

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa, tuko Morogoro mjini, wanachama 25. Tunataka kufanya sherehe ya miaka 10 ila tumekwama hata mchango hatujaanza. Daftari la kwanza limeandikwa tumeanza 14/3/2017. Mwenyekiti anasema basi ni 2027. Mhazini anasema hapana, ilitakiwa iwe mwaka huu 2026, maana Machi 2021 tulifanya kasherehe kadogo ka mwaka wa tano, sasa tano na tano si kumi? Mama mmoja mtu mzima anasema kwani mzunguko wa kumi si tumeshauvunja Februari. Na wengine wanasema tusubiri 2030 sababu cheti cha usajili ni cha 2020, halafu mwaka huo huo tulisimama miezi saba kwa ajili ya corona. Waanzilishi wote wanakumbuka siku ya kwanza tulikaa Jumamosi. Tunakosea wapi, na tupange vipi tusije tukakurupushana mwishoni?"

Marahaba dada katibu. Nimecheka kidogo maana hii kesi naijua, nimekaa na vikundi zaidi ya miaka ishirini na karibu kila kikundi kikikaribia namba nzima, tano au kumi, ugomvi ni huu huu. Kitu cha kwanza ujue hapo hakuna anayedanganya. Hao watu wanne kila mmoja anahesabu kitu chake, mwenyekiti anahesabu miaka iliyotimia, mhazini anahesabu mwaka mlioingia, yule mama anahesabu mizunguko na hao wa cheti wanahesabu umri wa karatasi. Vitu vinne tofauti mmevipa jina moja, "miaka", lazima mgombane.

Tuanze na mhazini maana kosa lake ndo la kawaida kuliko yote na lina sababu nzuri. Sisi tuna namna mbili za kuhesabu na tunazichanganya bila kujijua. Chukua Pasaka, Yesu amekufa Ijumaa, amefufuka Jumapili, tunasema siku ya tatu. Ukitoa kwa hesabu ya shule, Ijumaa mpaka Jumapili ni siku mbili tu, lakini ile Ijumaa yenyewe imehesabiwa kuwa ya kwanza. Hata majina ya siku zetu ndo yalivyo, baada ya Ijumaa unaanza mosi, pili, tatu. Sasa umri hauendi hivyo. Mtoto aliyezaliwa Machi 2017 hakuwa na mwaka mmoja siku ile ile anazaliwa, alifikisha mmoja Machi 2018, wa pili 2019, wa tatu 2020, na Machi 2021 alikuwa ametimiza MINNE anaingia wa tano. Kwa hiyo mliposherehekea "mwaka wa tano" 2021 maneno yenyewe yalikuwa sawa kabisa, mlikuwa mnauanza mwaka wa tano, ila hamkuwa mmetimiza miaka mitano. Mhazini akajumlisha mwaka wa tano na miaka mitano akapata 2026. Akiambiwa hivyo ataelewa, na msimcheke, maana wote mlikula keki hiyo 2021 na hakuna aliyeuliza.

Mfano mkubwa ni nchi yenyewe. Tanganyika imepata uhuru 9 Desemba 1961, miaka 50 ikasherehekewa 9 Desemba 2011, na siku hiyo hiyo ndo mwaka wa 51 ulikuwa unaanza. Kutimiza na kuingia vinakutana siku moja, ndo maana vinachanganya. Kwenye kadi andikeni "kutimiza miaka 10" na sio "mwaka wa 10", mtakuwa mmemaliza mabishano kwa neno moja.

Yule mama wa mizunguko. Hapo naomba nikae kidogo kwa sababu watu wa VICOBA, yaani vikundi vya kuweka na kukopa kama chenu, wanaumia sana na hili. Mzunguko, yaani kipindi cha kuweka na kukopa mpaka mnavunja sanduku na kugawana akiba, sio mwaka. Vikundi vingi mzunguko ni kati ya miezi 9 na 12, na baada ya kuvunja sanduku mnapumzika wiki kadhaa mnagawana mnalipana ndo mnaanza tena. Kama wenu ni miezi 9 na mapumziko kama mwezi, mzunguko mmoja unakula miezi 10, mizunguko kumi ni miezi 100. Ongeza ile miezi saba ya corona, 107. Kuanzia Machi 2017 ukitembea miezi 107 unatua Februari 2026, ndo karibu kabisa na hapo anaposema mlivunja. Kwa hiyo kumbukumbu ya mama iko sawa mpaka inashangaza, ila miaka 10 ni miezi 120, bado 13. Mwambieni kabisa mbele ya kikao kwamba hesabu yake imethibitisha daftari, maana kweli imethibitisha, na hata ningekuwa mimi hiyo mizunguko ningeitaja kwenye risala, mgeni akisikia mmevunja sanduku mara kumi bila kufikishana polisi atawaheshimu kuliko akisikia miaka.

Corona isiwasumbue. Mtu akilazwa miezi saba hospitali akitoka umri wake haupungui. Ingekuwa mligawana kila kitu mkaachana, halafu baadaye wakaja watu wengine wakaanzisha chao kwa jina lile lile, hapo tungeongea mengine. Lakini kama ni sanduku lile lile, daftari lile lile na wadaiwa wale wale waliendelea kudaiwa, kikundi kilikuwa hai, kilikuwa kimelala tu.

Cheti sasa. Vikundi vingi vina cheti kichanga kuliko kikundi chenyewe na kuna sababu, ile Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 ndo iliyoviweka vikundi vya kijamii vya kuweka na kukopa kwenye daraja la nne na kutaka visajiliwe, kwa hiyo vikundi vilivyokuwa vinakaa chini ya mwembe miaka na miaka vikaanza kwenda halmashauri kutafuta karatasi. Cheti kinasema serikali imewatambua lini, hakisemi mmezaliwa lini, kama cheti cha kuzaliwa cha mtoto aliyeandikishwa akiwa darasa la tatu. Na tarehe nyingi sio aibu. Hati za Muungano zilisainiwa 22 Aprili 1964, Muungano ukaanza rasmi 26 Aprili, jina la Tanzania likaja Oktoba mwaka huo huo. Tarehe tatu zote za kweli, nchi ikachagua moja ya kusherehekea na maisha yakaendelea. Na nyie chagueni.

Ila hapa nikuonye kitu kama katibu. Kwenye sherehe tumieni tarehe ya kuanza, lakini kwenye fomu yoyote ya serikali, mfano mkienda kuomba ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ukiulizwa tarehe ya kusajiliwa andika ya kwenye cheti kama ilivyo. Usiandike 2017 kwa sababu ya furaha ya sherehe. Nimeona kikundi kimerudishwa fomu kwa ajili ya hilo tu, na wakati wanarekebisha dirisha likafungwa.

Sasa kuna jambo umeliandika mwishoni kama la kupita tu na mimi ndo limenishtua kuliko yote. Umesema waanzilishi wanakumbuka Jumamosi. Tarehe 14 Machi 2017 haikuwa Jumamosi, ilikuwa Jumanne. Unaweza kupiga mwenyewe bila simu, mwaka una siku 365, ukigawa kwa saba unapata wiki 52 na siku moja inabaki, kwa hiyo kila mwaka tarehe inasogea siku moja mbele, na ikipita 29 Februari inasogea mbili. Tarehe 14 Machi 2027 ni Jumapili. Ukirudi miaka kumi ni siku 10, ongeza 2 za miaka mirefu 2020 na 2024, ni 12, toa saba zibaki 5, Jumapili rudi nyuma siku tano, Jumanne. Jumamosi za Machi mwaka ule zilikuwa tarehe 4, 11, 18 na 25.

Maana yake moja kati ya mawili, ama mlikaa kweli Jumanne na kumbukumbu imevutwa na mazoea ya kukutana Jumamosi kila wiki, ama mlikaa Jumamosi tarehe 11 na daftari likanunuliwa na kuandikwa Jumanne yake. Mi nahisi hilo la pili, kwa sababu watu husahau tarehe lakini siku ya wiki huwa wanaikumbuka, hasa kama ni siku ya sokoni au siku watoto hawaendi shule. Kabla hamjabishana angalieni pia tarehe imeandikwaje, 14/3 haina utata, ila ingekuwa 3/4 ungejiuliza ni tatu Aprili au nne Machi, maana baadhi ya simu zinatanguliza mwezi kama Wamarekani. Tafuteni ushahidi wa pembeni, meseji za muamala wa simu kama mtu hajafuta, picha kwenye simu ya zamani, kadi ya kliniki ya mtoto aliyezaliwa wiki ile (akina mama hawasahau, "nilikuja na kachanga ka siku tisa"). Mkikosa, msibuni tarehe. Andikeni "Machi 2017" basi, kikao kipitishe, muhtasari usainiwe, inatosha. Sherehe haidai siku, inadai mwezi na mwaka.

Kwa hiyo jibu la kwanza: mnatimiza miaka 10 Machi 2027, mwenyekiti yuko sahihi. (Na akitokea mtu wa kalenda ya Hijria kwenye kikundi asizimwe, mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, miaka kumi yao inawahi yetu kwa siku kama 108, angepata mwishoni mwa Novemba 2026 na angekuwa sahihi kwa kalenda yake. Cha msingi ni kukubaliana kalenda moja.)

Haya, kutimiza Machi haimaanishi mle pilau Machi. Tuiangalie hiyo Machi 2027 kwa makini. Ramadhani inatarajiwa kuanza kama tarehe 8 Februari na Idi el Fitri kuangukia kama tarehe 10 Machi, siku moja huku au huku kutegemea mwezi kuandama. Upande wa pili Jumatano ya Majivu ni 10 Februari na Pasaka 28 Machi. Yaani 14 Machi waislamu wenu wametoka kufunga siku nne tu zilizopita na pesa yote imeishia kwenye Idi, wakristo wako katikati ya Kwaresima na wengine hawatacheza muziki wala kugusa nyama. Halafu masika inaanza. Mkikodi turubai Morogoro mwezi wa tatu mpaka wa tano mnacheza kamari, na ukumbi ni bei nyingine.

Mna njia tatu naziona. Ya kwanza kung'ang'ania Jumapili 14 Machi, faida ni tarehe yenyewe, hasara nimezisema. Ya pili Jumamosi 3 Aprili, baada ya Pasaka, dini zote ziko huru ila mvua iko pale pale na mifuko imetoka kwenye sikukuu mbili. Ya tatu kusogeza mpaka kiangazi, mimi ningesema Jumamosi 26 Juni, mvua zimeisha, Idi ya kuchinja ambayo inatarajiwa kama 16 Mei imepita, na wale wenye vishamba vya mpunga wanakuwa wanavuna au wameshavuna. Ubaya wake ni likizo ya shule, kuna watakaosafiri na watoto, na kuna atakayesema "mbona miaka kumi na miezi mitatu". Huyo dawa yake ni rahisi, Jumamosi ya katikati ya Machi kwenye kikao chenu cha kawaida fanyeni kitu kidogo, waanzilishi wasimame, mpige picha na sanduku, mwenye dua aombe, mwenye sala asali, soda moja moja. Siku imeadhimishwa, shamrashamra Juni. Nakushauri hii ya tatu ila amueni wenyewe, mnajuana.

Nikichukulia 26 Juni, sasa tunahesabu kurudi nyuma, na hapa ndo watu wanapoharibu, wanaanza kuhesabu kuanzia leo kwenda mbele halafu wanashangaa mbona mwishoni kazi zimebanana. Simama kwenye siku ya sherehe urudi. Wiki 2 nyuma ni 12 Juni, hapo mpishi apewe idadi ya mwisho na mchango ufungwe. Wiki 8 nyuma ni 1 Mei, barua ya mgeni rasmi iwe imeshajibiwa, ukumbi au uwanja umelipiwa nusu. Wiki 12 nyuma ni 3 Aprili, na hiyo ndo tarehe naomba uichore kwa wino mwekundu, ni ya kitenge.

Ndiyo, kitenge. Kila mtu anadhani kinachoamua ratiba ni mgeni rasmi. Sio, ni sare. Kazi inayochukua muda mrefu kuliko zote na haiwezi kukimbizwa ndo inayoamua lini uanze, nyingine zote zinaingia ndani yake. Gauni 25, fundi mmoja akishona tano kwa wiki ni wiki tano. Ongeza wiki moja ya vipimo (kuna watakaochelewa kupimwa, tunawajua), wiki moja ya kubana na kuachia, na wiki mbili za umeme ulikatika, nimefiwa, cherehani imekorofisha. Wiki tisa, ukirudi kutoka 26 Juni ni 24 Aprili. Lakini katikati hapo kuna Idi ya kuchinja, na fundi yeyote mzuri wiki tatu kabla ya Idi hakujui wala hakukumbuki, vitambaa vyako vitakaa kwenye mfuko chini ya meza. Ndo maana nakurudisha wiki tatu zaidi, 3 Aprili kitambaa kiwe mkononi kwa fundi. Au mafundi wawili, ila mjiandae na mishono miwili.

Mgeni rasmi ni muhimu ila asiwashike mateka. Kuna kikundi nilikisaidia, mgeni wao akasogeza tarehe mara mbili, mara ya pili keki ilishaandikwa, wakala keki yenye tarehe ya juzi. Mwandikieni mapema, mpeni tarehe moja, mjue mtu wa pili atakayesimama akikosa, na msihamishe siku.

Pesa. Tuseme mnahitaji 1,500,000, gawa kwa 25 ni 60,000 kila mtu. Mkianza kuchanga Jumamosi 19 Septemba 2026, hiyo ni wiki 40 kamili kabla ya sherehe, kama ujauzito, hamtasahau. Kutoka 19 Septemba mpaka 12 Juni kuna wiki 38, lakini vikao ni 39, hesabu ni kama nguzo za fensi, mita 100 ukichimbia nguzo kila mita 10 zinakuwa 11 na sio 10, ya mwanzo watu huwa wanaisahau. Sasa katika hivyo 39 toa vile ambavyo hakuna mtu ataleta hela hata mkifanyaje, 26 Desemba, 2 Januari, na wiki mbili za ada za shule. Zibaki 35. Elfu sitini gawa kwa 35 ni 1,700 na kidogo, pigeni 2,000 kwa wiki, kila mtu atakuwa amefikisha 70,000, jumla 1,750,000, ile 250,000 ya juu ni ya dharura na msiipangie. Mchango huu ukae kwenye mfuko wake na daftari lake, msiuchanganye na hisa wala mfuko wa jamii. Mkigusa mfuko wa jamii kwa ajili ya keki, mwezi unaofuata mwenzenu akifiwa mtatazamana.

Kama unatumia Excel au Google Sheets kwenye simu, weka tarehe ya kuanza A1, andika =EDATE(A1,120) itakupa miaka 10 mbele, na ukiweka siku ya sherehe B1, =B1-84 ni wiki 12 nyuma. Ila hakikisha kwanza simu inasoma siku kabla ya mwezi. Halafu mtu mmoja ahesabu upya kwa kalenda ya ukutani, kwa kidole, siamini simu peke yake.

Vitu vitatu sio vya kuniuliza mimi, nendeni ana kwa ana. Tarehe za cheti na kama kuna chochote kinachotakiwa kuhuishwa, ni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, beba cheti na katiba yenu. Turubai barabarani, spika na muziki wa usiku, ofisi ya serikali ya mtaa, mwezi mmoja kabla sio siku mbili. Na kama ubishi wa tarehe chini yake kuna ubishi wa hela, maana wakati mwingine "tusubiri 2030" maana yake ni mtu hataki kuchanga au anadaiwa, hilo halitatuliwi na kalenda, muite afisa huyo huyo akae nanyi kikao kizima.

Kwenye kadi: "Kutimiza miaka 10, Machi 2017 – Machi 2027. Sherehe Jumamosi 26 Juni 2027, saa 4 asubuhi." Chini yake kwa wale ndugu walioko nje watakaotumiwa kwa simu ongezeni 10:00, maana kuna dada mmoja alitoka Uingereza akafika saa kumi jioni, akakuta tunakunja viti.